Albamu Bila Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumemaliza kurekodi. Hatimaye! Nyimbo tisa, sauti moja — yangu. Fundi mitambo amevua hedifoni, akanipa mkono kama nimefaulu mtihani, akasema hongera, Dada, sasa kanywe maji. Halafu akaanza kukunja nyaya zake. Basi. Zamani tukimaliza wimbo mmoja tu, Kaka anarukia kochi la studio na viatu vyake, Chuma, mwenzetu wa tatu, anapiga meza mpaka jirani anagonga ukuta. Leo juu ya kochi kulikuwa na begi langu.

Nimerudi kwa miguu. Nikajikuta naongea peke yangu barabarani, muuza vocha akanitolea macho. Shauri yake.

Kinachonisumbua ni meno. Kwenye kundi letu tulikuwa na sheria, aliitunga Kaka: ubeti hauingii studio mpaka wenzako wameung'oa jino. Yaani unawaghania, wanasikiliza, mmoja anasema mstari ule — toa. Unautoa. Ruhusa ya kubisha ni kesho yake. Nimelilia meno yangu mimi, jamani! Lakini kesho yake ubeti umekaa sawa, na wewe unajifanya hukulia. Sasa nyimbo tisa zote zimeingia na meno yao kamili. Nimejaribu kung'oa mwenyewe, wapi! Nikitoa huu naurudisha, nikitoa ule naukumbuka nikiwa naoga.

Na wimbo wa saba una mstari ule unaomhusu Kaka. Huo ndio hasa uliotaka mtu wa kuniambia acha au toa.

Alhamisi, 6 Machi

Kazini tangu asubuhi. "Habari, karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini?" Sauti laini, kama nimelamba asali. Watu wananitukana kwa sababu ya intaneti yao, mimi nasema pole sana mteja wetu, umejaribu kuzima na kuwasha? Msimamizi anapitapita nyuma ya viti na kikombe chake, anasikiliza nani amesahau kushukuru. Simu zote zinarekodiwa. Siku nzima naongea, na jioni sina mtu niliyeongea naye.

Jirani yangu wa kiti cha kulia ameuliza kama ni kweli natoa albamu. Nikasema ndiyo. Akauliza, na kaka yako yumo? Hakuna anayeuliza kingine! Nikasema hayumo. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa, akacheka mwenyewe. Nikapokea simu iliyofuata.

Mchana nilimtumia Kaka ujumbe. Kwamba Ijumaa ijayo inatoka, na ningependa aisikie kwanza. Akausoma, nimeona alama zimegeuka buluu. Kimya.

Siku niliyomwambia nataka kutoa yangu peke yangu hakugomba. Bora angegomba! Alisema haya, kila la heri. Kila la heri? Hayo si ya kumwambia mtu usiyemjua mliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi? Mimi ni mdogo wake. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Jumapili, 9 Machi

Mama alikwenda kwa Kaka, kama kila Jumapili. Anapika hapa, anafunga vyombo kwenye kitambaa, anarudi na vyombo vitupu na habari. Leo amerudi na vyombo tu.

Nikauliza amesemaje. Mama akasema, amesema chumvi imezidi.

Mama!

Umeniuliza amesemaje, nimekwambia. Akavua viatu, akakaa, akajipepea na kanga. Kisha akasema mmenyonya ziwa moja nyie wawili, na kiburi mmekinyonya humo humo, mimi siwezi kuwa tarishi wa watu wazima wenye simu mfukoni. Nikacheka. Nikaenda jikoni kuosha vyombo. Kaka alikuwa ameshaviosha, tena vizuri. Nikaviosha tena, nikalia huku maji yanamwagika ili Mama asisikie.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia Chuma. Nikamwomba aje asikilize, aning'oe hata jino moja, hasa lile la wimbo wa saba. Akasema Dada, tembo ni nyinyi, mimi nyasi, naomba mnihurumie. Nikamwambia nyasi gani una kitambi hivyo. Amecheka, lakini hakuja.

Nikaenda kwa fundi mitambo. Nikamchezea wimbo wa saba, nikausimamisha pale pale, nikamuuliza huu ukae au utoke? Akakuna kichwa. Kazi yangu sauti, Dada, maneno ni yako. Kisha akauliza, tuitoe albamu kama ilivyo? Maana kesho lazima niitume.

Nikasema liwalo na liwe, kama ilivyo.

Sijui kama ule ulikuwa ujasiri, au ni vile tu hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

Ijumaa, 14 Machi

Imetoka! Nimeamka nikaikuta, jina langu juu, peke yake. Sijawahi kuliona hivyo. Miaka yote lilikuwa la mwisho, baada ya "na".

Mama ameiweka simu juu ya friji, anapiga deki na wimbo wa kwanza. Anaitikia kiitikio kwa maneno yake mwenyewe, siyo niliyoandika, na ya kwake mazuri. Kazini jirani yangu ameninunulia soda, msimamizi mwenyewe kanipa mkono. Watu wanaandika moto, malkia, umetisha. Mmoja kaandika: nzuri, ila kila wimbo nasubiri kaka yake aingie.

Na mimi nasubiri, nitamjibu nini?

Nimezima simu, nimeiwasha, nimeizima. Kwa Kaka hakuna kitu.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi mitambo kapiga, anashangilia, namba zinapanda. Nikashangilia naye. Alipokata, chumba kikawa kimya mpaka nikasikia friji. Nimekula nimesimama. Pongezi nimezishiba. Nataka mtu mmoja tu aniambie wimbo wa tano ni mrefu mno. Maana ni mrefu mno! Nimeusikia leo, ubeti wa pili ulikuwa wa kung'olewa jino, tena mawili.

Kwa Kaka hakuna.

Jumanne, 18 Machi

Naandika nyuma ya ratiba ya zamu. Kazini. Samahani mwandiko, naandika haraka.

Simu imeingia sasa hivi. Nikasema habari, karibu huduma kwa wateja. Mtu akashusha pumzi, akasema hatimaye! Tangu asubuhi napiga, napokelewa na wenzako tu. Mmoja kanizimisha na kuniwashisha mtambo wa intaneti mara tatu, na wala haukuwa na tatizo.

Kaka!

Nimesimama, nikakaa. Mtu ana namba yangu, anajua nyumbani, anapiga laini ya wateja! Msimamizi alikuwa nyuma yangu na kikombe chake. Mdomo ukatoa kilichozoea kutoka: nikusaidie nini, mteja wetu?

Akasema ana malalamiko. Nikamuuliza kuhusu huduma gani. Akasema kuna albamu amenunua, nyimbo sita zinafunguka vizuri, wa saba haufunguki.

Nikauliza — Mungu anisamehe — umejaribu kuzima na kuwasha?

Nimejaribu, akasema. Tatizo liko kwenye kidole, hakitaki kubonyeza. Nimeambiwa nimo humo ndani.

Nikauliza umeambiwa na nani. Akasema Chuma, amekataa kusema zaidi. Sasa nataka kusikia kwako mwenyewe. Huko ndani nimesifiwa au nimetukanwa?

Na kweli sijui! Niliuandika nikiwa na hasira naye, nikaurekodi nikiwa nimemkumbuka. Nikasema samahani mteja wetu, naomba usubiri kidogo kwenye laini.

Hapo unatakiwa ubonyeze kitufe cha kumsubirisha, yeye asikie muziki wa kampuni, wewe upumue. Mimi nimebonyeza cha jirani yake. Nimezima maiki yangu tu. Yeye hanisikii, ila mimi namsikia kila kitu.

Anakohoa. Anaguna. Halafu, taratibu, kama mtu anayefua peke yake uani, anaanza kughani. Wimbo wa saba! Kutoka mwanzo, hakosei neno, na pumzi anaivuta pale pale ninapovuta mimi. Haufunguki, eti! Muongo mkubwa. Ubeti haushikwi hivi kwa kusikia mara moja. Huyu ameusikiliza siku zote hizi mpaka umemkaa kichwani, na mimi nilikuwa naosha vyombo vyake nikilia.

Amefika kwenye mstari wenyewe. *Ulinifundisha kusimama* — ameishia hapo. Amerudia. *Ulinifundisha kusimama* — na sauti imemkwama. Kilichobaki ni *kisha ukasimama mbele yangu*. Maneno manne tu, na anayajua.

Taa ya simu imekuwa nyekundu, nimemweka kwenye laini kupita kiasi. Msimamizi ameiona, anakuja, anagonga saa yake kwa kidole. Jirani yangu kageuka ananiangalia ninavyofuta macho na mkono wa blauzi. Nikiwasha maiki, chochote nitakachosema kitarekodiwa, na huyu wa kikombe atakisikia.

Kaka ameuanza tena. Safari hii polepole, ametulia, kama amegundua nipo namsikia. *Ulinifundisha kusimama.* Ananyamaza, lakini hajakwama. Ameacha nafasi, sawasawa na urefu wa yale maneno manne, kama tulivyokuwa tunaachiana jukwaani ili mwenzako amalizie. Kidole changu kiko kwenye kitufe, msimamizi ameshafika begani, na Kaka anauanza tena —