Vibanio vya Mgongoni

Jumatatu, 3 Juni

Kliniki leo, kupima uzito. Kidoti kaongezeka — kidogo, lakini kaongezeka! Nilitamani kumwambia mtu. Baba yake yuko mbali kwenye kazi ya ujenzi, simu zangu siku hizi hapokei. Ujumbe mmoja mmoja tu: niko bize.

Ukuta wa pale tunapongojea umejaa picha. Nilidhani ni za chanjo. Kumbe wanawake wa mitindo wa zamani, picha za nyeusi na nyeupe tu, kofia kama masinia, viuno kama shingo ya chupa. Dada anayezisimamia anasema jumba lao la makumbusho linakarabatiwa, wameazimwa ukuta mpaka Ijumaa. Hakuna anayezitazama. Mimi nimetazama hadi foleni ikanipita.

"Mama Kidoti," muuguzi akaniita, "anayepimwa ni mtoto, si ukuta."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Siku nyingi sijacheka na watu.

Jumatano, 5 Juni

Nimerudi kule. Wala si siku ya kliniki! Wifi nilimwambia naenda kununua sabuni.

Kuna picha moja imepigwa kwa upande. Mbele, gauni limemkaa yule mwanamke kama amemiminiwa. Nyuma — vibanio vya kuanikia nguo, toka shingoni hadi kiunoni! Dada wa picha kasema ndivyo walivyofanya: gauni moja, wavaaji wengi, kinachopwaya kinakusanywa nyuma. Kamera haioni mgongo.

Nimetembea na neno hilo hadi nyumbani. Baba Kidoti aliniacha nimejaa mwili. Sasa nanyonyesha, silali, kula kwenyewe kwa kudonoa. Akiniona hivi atasikitika tu. Akiniona nimependeza, labda ataikumbuka njia.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwomba wifi gauni lake la buluu. Nilijua atanisema. Kanisema — eti mle tunaenea mimi, yeye na mzigo wa kuni. Kisha kaleta vibanio mwenyewe, kanibana mgongo mzima, viwili kaving'ata mdomoni. Akashika simu.

"Simama kama mtu mwenye mume, wifi. Umesimama kama unayengoja zamu ya bomba."

Nikanyooka. Kidoti mkononi, anavuta hereni. Picha imetoka! Sikujijua. Wifi kaitazama kitambo, akasema kaka yake mjinga. Sikumuuliza kwa nini.

Nimeituma.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi kimya. Kufua, kunyonyesha, kuchungulia simu.

Kajibu! Hakuandika neno, katuma picha yake naye. Shati jeupe, pasi imelala, mikunjo ya mikono kama kisu. Kanenepa. Nyuma yake pazia la maua. Si alisema wanalala wanaume peke yao, kibanda cha mabati? Labda wamehamishwa. Anacheka kile kicheko chake cha kweli, cha kumchekea mtu aliye mbele yake.

Nimefurahi. Kweli nimefurahi.

Nikampelekea wifi aone. Kanirudishia simu upesi, akatoka kuanua nguo. Nguo zenyewe bado zinachuruzika maji.

Nimeandika: Umependeza, baba Kidoti. Nani amekupiga picha?

Ameshasoma. Anaandika. Ameacha.

Anaandika tena —