Baka la Kijani

Pune, baada ya sikukuu ya Ganapati

Mdogo wangu Sopan,

Hamjambo huko Wai? Mgongo wa shemeji umepoa? Mimi mzima wa chuma, na ujue unasoma barua ya bingwa aliyemchoma sindano mnyama wa majini hadi akang'aa kijani. Haya, si mimi. Mimi naosha vyombo vya maabara. Mchomaji ni Daktari Mrunal, binti mkali usimwone hivi.

Mnyama mwenyewe anaitwa haidra: kiuzi cha kwenye maji baridi, mdomo juu, mikono kama mizizi ya kitunguu. Daktari huyatia mayai yake jeni ya mwanga kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele. Mwaka mzima mayai yalikufa. Akaishi mmoja tu, naye aling'aa baka moja kiunoni. Balaa ni kwamba nyama ya haidra huteremka, ikifika mguuni hudondoka. Haidra huzaa kwa kuchipua: chipukizi likiota penye baka kabla baka halijadondoka, mtoto huchukua mwanga wote. Lisipoota, Profesa Karandikar, mkuu wa maabara, alikwisha sema, binti afunge virago. Na haidra mwenye njaa hachipui.

Sikukuu ikaja, Profesa akafunga maabara, wanyama nao wafunge. Daktari alikuwa Nagpur, baba yake hoi. Akanipigia simu: Mzee Baban, ukienda kwenu sikukuu hii nimekwisha. Nikamjibu kwamba mke wangu sijampikia chai tangu nimuoe, leo nimlishe kidudu? Akasema nisizidishe chakula, maji yakioza atayeyuka. Kisha akalia. Mimi na vilio unanijua.

Nikabaki. Kila asubuhi nikapenya mlango wa nyuma, nikampa haidra chakula chake, vikamba vichanga vya majini, nikabadilisha maji. Baka likashuka, likashuka. Siku sanamu za Ganapati zinapelekwa mtoni kuzamishwa, ngoma zikitikisa vioo, nikaona uvimbe wa chipukizi ubavuni mwake. Nikawasha taa ya buluu, ile inayoamsha mwanga wake. Giza tupu! Kumbe kwa woga sikufungua pazia linaloziba taa. Nilipolifungua, uvimbe ulikuwa kijani kama pilipili mbichi.

Sasa mtoto ameachana na mama yake, anawaka mwili mzima. Binti amebaki kazini. Profesa anajipongeza mbele ya wageni.

Kwa hiyo, Sopan, niliposema siwezi kuja huko sikukuu, sikuwa na homa. Kile kikohozi mlichosikia kwenye simu nilikitunga. Na dada yetu Akka, maskini, alinifungia saumu ili nipone, sasa ameapa kuja na zile dawa zake chungu.

Wasalimie watoto wote. Nawe nakudai: ulipotorokea miereka Kolhapur, nani alimwapia Akka kwamba uko hekaluni? Basi mwambie umefika Pune, umenikuta nimekonda lakini nimepona, asihangaike na safari.

Kaka yako,
Baban