Sinki Limevunjika

Jumatatu, 3 Agosti 1992

Baridi ya mji huu haina adabu. Nimeamka alfajiri, nimechukua udhu kwenye sinki la chumbani kwa kuwa bomba la uani halitoi maji, nimesali, nimekunywa maji ya moto wanayoyaita chai. Kisha kwa miguu hadi Ngarenaro, kwa kina Saumu, mchumba wa mwanangu Rajabu. Kuchambua mchele. Siku ya tatu sasa.

Rajabu ana chumba kimoja tu hapa Kaloleni. Sikutaka kumbana, nimechukua hoteli. Zamani ilikuwa nyumba ya wageni ya ushirika. Sasa kauziwa tajiri, kaipaka rangi ya waridi na kubandika tangazo kila mlango: KITAKACHOHARIBIKA KITALIPWA. Kitalipwa na nani? Miaka thelathini na moja nimefundisha Kiswahili Kondoa. Sentensi inayomficha mtenda siipendi.

Mapokezi yuko Mwanaidi, nilimfundisha darasa la nne. Bado ananiamkia kwa kupiga goti. Nimefurahi, sikatai.

Nikahi Jumamosi. Kanzu ya marehemu mume wangu ipo mkobani. Aliniusia mwenyewe: Rajabu aolee hiyo.

Jumanne, 4 Agosti

Sinki limevunjika. Alfajiri, niko kwenye udhu, likatoka ukutani na kupasuka vipande vitatu. Maji mpaka kitandani. Nimeponea chupuchupu.

Nimechungulia ukutani. Matundu manne, skrubu mbili, zote kutu. Na ufa wa zamani umezibwa kwa saruji. Takataka tupu, limepakwa rangi.

Nimemwita Mwanaidi: sinki limevunjika. Kaniangalia. Kaangalia maji. Kaenda kumwita meneja.

Meneja ni kijana wa tai nyekundu na funguo kiunoni. Hata shikamoo hakuna. Ananiambia sinki limetoka Nairobi. Limetoka Nairobi! Bei aliyotaja inapita pensheni yangu ya mwezi. Nimemwambia silipi hata thumni.

Jumatano, 5 Agosti

Nimerudi kutoka Ngarenaro, chumba kimefungwa. Mkoba wangu uko stoo ya meneja. Kanzu imo humo. Siku tatu zimebaki.

Wameniletea karatasi ya maelezo nitie sahihi. Mwandiko wa Mwanaidi, naujua, niliushika mkono ule kuufundisha. Imeandikwa: *Mimi mgeni wa chumba namba saba nimevunja sinki.*

Nimevunja! Mimi nilisema limevunjika. Kalamu nyekundu ninayo siku zote. Nimefuta, nimeandika juu yake *limevunjika*. Meneja kacheka, kasema ni yale yale. Si yale yale! Nimemsomesha pale pale mapokezi, wageni wanasikiliza: nimevunja ina mtu, limevunjika haina mtu. Na tangazo lako lenyewe linasema kitakachoharibika, halisemi atakayeharibu. Mzee mmoja kanipigia makofi. Meneja kachana karatasi, kasema iandikwe upya kama mwanzo.

Mkoba haukutoka. Nimelala chumbani kwa Rajabu, yeye kaenda kwa rafiki yake. Nimekuwa mzigo niliokuwa naukwepa.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimekwenda kwa katibu kata. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha kasema: mama, siku hizi biashara ni ya mtu binafsi, elewaneni. Ndiyo ruksa yenyewe hiyo, kila mtu na lake. Zamani ningejua mlango wa kugonga.

Rajabu kasikia. Anataka kuuza redio yake amlipe meneja. Nimemkataza kwa ukali, kanywea kama mtoto. Kasema ataazima kanzu. Kuazima! Baba yake kaacha kanzu, mwana aoe na ya jirani. Nimelia chooni kwa watu.

Na huko kwa kina Saumu habari imefika. Mama yake kaniuliza kwa upole kama ni kweli nimevunja hoteli. Sasa ni hoteli nzima.

Jioni nimemkuta Mwanaidi peke yake mapokezi. Nimemwuliza, kwa nini uliandika nimevunja wakati nilisema limevunjika? Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, wewe ndiye ulitufundisha. Kitu hakijivunji. Kina miguu?"

Nimeondoka bila kuaga.

Ijumaa, 7 Agosti

Sikupata usingizi. Kina miguu? Ni maneno yangu kweli. Kila kikombe, kila chaki, kila kibao. Kimevunjika chenyewe? Kina miguu?

Dirisha la darasa la nne. Mwanaidi alikuja ofisini: Mwalimu, dirisha limevunjika. Nilimchapa viganja mpaka akasema nimevunja. Wiki ile ile upepo ukang'oa dirisha la pili, fremu ile ile mbovu. Niliona kwa macho yangu. Nilijua. Sikumwambia kitu. Mwalimu hamwombi radhi mwanafunzi, ndivyo tulivyokuwa.

Mwosha huoshwa.

Baada ya swala ya Ijumaa Mwanaidi kaja Ngarenaro, mzigo umefunikwa kitenge. Mkoba wangu. Nimeufungua pale pale. Kanzu ipo, imekunjwa upya, imepigwa pasi. Nimemwuliza, meneja kasemaje? Kasema meneja hajui. Akiuliza, atamwambia stoo imefunguka.

Kacheka kidogo. Mimi sikuweza. Ana watoto wawili na kazi hiyo hiyo moja.

Jumamosi, 8 Agosti

Nikahi imepita salama. Kanzu imemkaa Rajabu, mikono mifupi kidogo. Kamzidi baba yake. Nimefurahi na nimeumia.

Wali ulipokuwa unapakuliwa nimetoka, nimekwenda hotelini na kanga zangu za harusi mwilini. Meneja alikuwa anamfokea Mwanaidi, stoo ilifungukaje. Nimemwambia mkoba nimechukua mimi, nimeomba ufunguo kwa ukali wa ualimu, binti akaogopa. Uongo. Huo nitaujibia mwenyewe kwa Mungu.

Nikaomba karatasi. Nimeandika kwa mkono wangu:

*Mimi nimevunja sinki la chumba namba saba. Niliinua mguu wa kulia nikauweka ndani ya sinki kuuosha, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Sinki lilikuwa na skrubu mbili badala ya nne, na ufa wa zamani.*

Kweli zote mbili. Siku tano sikuandika ule mguu hata humu, kwenye daftari langu mwenyewe.

Meneja kasoma nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili hakuitaka. Nimemwachia saa yangu ya mkononi niliyopewa nilipostaafu, Rajabu ataikomboa kidogo kidogo au ibaki huko. Ina jina langu. Na inachelewa.

Mlangoni nimemwambia Mwanaidi: lile dirisha lilivunjwa na upepo. Nilijua. Nisamehe.

Kasema, "Nami nilijua kuwa unajua, Mwalimu." Kisha kapiga goti, kama siku zote, kaenda kumpokea mgeni.

Basi la Kondoa ni kesho asubuhi. Mguu wa kulia umevimba kidogo.