Fomu Yako ya Kuachiliwa Ninayo Mimi

Kapteni wangu Wekesa,

Fomu yako imenifikia. Hamadi, katibu wetu wa ligi, aliniletea mwenyewe alipotoka kwenye duka la dawa anakofanya kazi. Akaiweka juu ya kitanda changu na kusema, kwa ile sauti yake ya upole ya Unguja, "Kaka, yule mwenzako anaomba umwachilie. Tia saini tu, ili Ijumaa ajiandikishe na timu yake mpya." Nikamwambia aiache hapo. Iko chini ya mto wangu mpaka sasa, na nikikwambia nimelala vizuri wiki hii sikudanganyi.

Kumbe umerudi Riyadh. Nasikia kafili wako wa Jeddah, yule mwajiri mwenye kibali chako, alikuhamishia kwa ndugu yake huku, sasa unapeleka watoto shule na madam sokoni, na Ijumaa tano mfululizo umekaa kwenye gari kando ya uwanja ukitazama wenzako wakicheza. Gari jeupe, kioo kimeshushwa nusu. Nilikuona tangu Ijumaa ya kwanza, na siku hiyo nilidaka vizuri kuliko siku zote.

Wacha nikukumbushe mambo, maana inaonekana umesahau.

Unakumbuka chuo? Wewe ulisomea umeme, mimi ufundi bomba. Siku moja mazoezini ulipiga shuti, nikaruka, nikaangukia mkono wa kushoto, kifundo kikavunjika na bega likateguka. Ulikaa nami zahanati kutwa nzima ukinipepea na daftari lako. Mkono ulipona vibaya. Mpira wa chini naudaka bila shida, lakini nikiuinua juu ya bega hauna nguvu hata ya kusukuma mlango. Hilo tulilijua watu wawili tu duniani, na mmoja ulikuwa wewe.

Halafu zikaja zile siku ambazo kila mtaa ulikuwa na ajenti wa kazi za Saudia, na nusu ya timu ya chuo ikapanda ndege moja. Wewe ukawa dereva, mimi mlinzi wa geti, Ochieng, beki wetu, akawa kuli. Tulipopata Ijumaa yetu ya kwanza ya mapumziko tulienda soko la Batha kutafuta jezi za kijani kama zile za chuo. Tulizipata zina maandishi ya Kiarabu kifuani, tukadhani ni neno la ushindi. Hamadi ndiye aliyekuja kutusomea: lilikuwa tangazo la maziwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini, halafu ukasema tutazivaa hivyo hivyo na timu tutaiita Chuo.

Kila Ijumaa kabla ya mechi ulinipeleka nyuma ya tangi la maji, ukanifunga bandeji kwenye kifundo, kisha ukanivisha glavu juu yake. "Hakuna mtu atajua, bro. Ni mimi na wewe." Ulinifunga vizuri, siwezi kukunyima hilo.

Unakumbuka pia mambo ya kafili wangu. Kulikuwa na kampuni iliyonitaka kwa kazi yangu ya bomba, kazi niliyosomea, mbali na lile jua la getini. Kilichobaki kilikuwa saini yake moja ya kuniachilia. Kila nikienda ananijibu bukra, kesho, huku anapuliza kahawa yake. Miezi saba, bukra. Siku moja uliiba saa moja kwenye muda wa kazi ya bosi wako ukanipeleka, ukasimama nami juani mlangoni pake. Akatoka, akatuangalia viatu, akasema bukra, akarudi ndani. Ndani ya gari ulipiga usukani kwa kiganja ukaniuliza, "Mtu anashikilia saini moja tu, na anajua itamfungua mwenzake. Huyo ni mtu wa aina gani?" Nilikupenda siku hiyo kuliko ndugu zangu wa damu.

Msimu ule hatukufungwa na timu yoyote ya Riyadh. Tukapata fainali, kule Jeddah, dhidi ya timu ya jamaa wa bandarini. Wiki mbili kabla, wakakutafutia kafili mpya kwao, familia ya mtaa wa Al-Rawdah, nyumba kubwa na chumba chako peke yako. Tulikufurahia. Tulidhani siku ya mechi utavaa kijani. Ochieng alipiga pasi jezi yako namba nane, akaisafirisha kwa basi mapajani kutoka Riyadh ili isijikunje.

Ukatoka umevaa nyeupe yao.

Hilo ningelimeza. Mtu anatafuta maisha. Lakini shuti la kwanza likaja juu, kushoto kwangu. La pili, juu, kushoto. La tatu lilipigwa na jamaa aliyekuwa na nafasi wazi kabisa upande wa kulia, akajipinda kama anayetafuta ufunguo mfuko wa nyuma ili tu aulete kushoto. Nikakutafuta katikati ya uwanja. Ulikuwa unaangalia viatu vyako. Ilipotoka penalti ulikuja kuipiga wewe, na mimi nikaruka kushoto kabla hujagusa mpira, maana nilijua. Mkono ulifika. Mpira ukapita nao hadi wavuni.

Wewe ukabebwa juu. Mimi nikapanda basi na watu walioamini nimeuza mechi. Ochieng hakunisemesha kutoka Jeddah mpaka Riyadh, na ile ni safari ya siku nzima. Wiki tatu hakuna aliyekula sahani moja na mimi, mpaka nikavua shati mbele yao, nikainua mkono na kuwaambia wausukume. Ochieng aliusukuma kwa kidole kimoja, ukashuka. Alilia, yule mtu mzima. Wakanipa ukapteni wako.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutunga kanuni. Makapteni wote tulikutana kwenye mkahawa wa chai pale Batha, nikasema: kuanzia sasa mchezaji asihame timu bila saini ya kapteni wake, na waliokwisha kuhama wahesabiwe bado wa timu zao za zamani. Hamadi akacheka. "Jamani, na nyinyi mnataka kuwa makafili?" Watu wakacheka pia, kisha wakainua mikono. Wa kwanza kuinua nilikuwa mimi, na niliinua ule wa kushoto mpaka ulipofika.

Sasa umeniandikia ujumbe. Unasema nikusamehe, ulikuwa na tamaa ya kutoka ulipokuwa. Unasema Ijumaa ndiyo siku pekee mtu alikuwa anakuita kwa jina, siku nyingine zote wewe ni sawag, dereva, basi. Niliusoma mara mbili. Uliniuma, sitakuficha. Halafu nikafunga bandeji yangu ya mazoezi, ambayo siku hizi naifunga peke yangu, ncha moja naishika kwa meno, na ile huruma niliyokuonea ikanitoka.

Mimi bado niko getini. Yule kafili wangu mzee hajatia saini mpaka leo.

Uliniuliza ni mtu wa aina gani. Wewe unamjua, Wekesa. Umesoma naye chuo kimoja, umemfunga bandeji. Uandikishaji unafungwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, kalamu ninayo, na fomu haijakunjika hata pembe. Njoo uiombe mwenyewe. Simama nje ya geti, palepale penye jua, nami nitatoka na kikombe changu mkononi, nikiangalie kiatu chako, nikupe jibu tulilofundishwa pamoja.

Bukra, kapteni.

Ni mimi,
kipa wako