Nilikuambia ni Vumbi

Kaka Eliamani,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini kukuandikia bila kukusalimu nimeshindwa.

Huku mnarani tunaongoza ndege vilevile ulivyotuacha, na hilo ndilo linalonitisha. Vioo havifunguki. Kiyoyozi kinazungusha pumzi zetu wenyewe. Tulipokuzika tuliahidiwa kila mtu hedifoni yake. Zikaja mbili, moja ikafa, na sasa tunavishana ile iliyobaki ikiwa bado na joto la sikio la mwenzako. Hii ni wiki ya pili watu wanakohoa. Bosi katuletea tangawizi na malimau, tena mengi, akasema tujifukize nyumbani. Juzi nilimsikia kwenye simu akisema "changamoto ya upumuaji". Ndiyo maneno yaliyosomwa kwenye mazishi yako, pale kihambani kwenu Marangu, tumesimama katikati ya migomba mvua inatunyeshea.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ile ya mwisho nilipokukabidhi kiti, nilikuwa naumwa.

Ulinifundisha mwenyewe kwamba anayetoka haondoki. Anasimama nyuma ya bega la mwenzake dakika kumi, anamtajia ndege moja moja mpaka zimkae kichwani. "Mmachame, usikimbilie chai, mwenzako bado hajaiona anga." Basi nikasimama, mdomo karibu na sikio lako, nakohoa kwenye kiganja. Ukageuka, "We Aneth, unaumwa?" Nikasema, "Vumbi tu, kaka." Vumbi gani Moshi wakati wa masika? Ukacheka, ukasema Wamachame tunaficha hata mafua. Hukuuliza tena.

Nilijiambia nakuhurumia, kwamba nikienda nyumbani utafanya zamu mbili. Uongo mwingine huo. Nilimwogopa daktari wa leseni, yule anayetupima na kuamua nani abaki kazini. Niliogopa kuonekana mzembe, mwanamke pekee kwenye zamu. Mimi homa iliniacha baada ya siku mbili. Wewe ukalazwa, na sikuruhusiwa hata kukuona dirishani. Huenda ugonjwa uliupata sokoni, huenda kanisani. Najiambia hivyo kila siku, na siamini.

Sasa, kaka, tangu leo asubuhi koo linaniwasha.

Kesho alfajiri nampokea kiti Rehema, anayekesha zamu ya usiku. Ni yule uliyekuwa unamtania kwa sauti yake nyembamba. Ana mimba ya miezi saba sasa. Nikienda, atasimama nyuma yangu dakika zake kumi, maana ni mtiifu kuliko sisi wote. Nisipoenda, atabaki kitini amechoka, peke yake, na ndege za watalii zinatafuta njia kwenye mawingu ya mlima. Nimemwandikia bosi. Kajibu, "Jikaze dada, vaa barakoa uje." Leseni anayo na anailipia kila mwaka, ila tangu apewe ofisi hajakikalia kile kiti.

Nimekaa na simu mkononi tangu mchana. Ninachokiogopa zaidi ya homa ni kwamba nitaamka, nitavaa, nitapanda zile ngazi kwa mazoea, kama siku ile.

Kwa hiyo nakuahidi wewe, maana wewe siwezi kukudanganya mara ya pili. Kesho sipandi. Bosi akae kitini mwenyewe, au wafunge anga, ndege zikatue kwingine. Wakinifukuza, wanifukuze. Na nikipona nitakuja Marangu kwa mkeo, jani la isale la kuombea msamaha mkononi, nimwambie nilichokuficha. Akilipokea, sawa. Akinifukuza na yeye, nitamwelewa.

Nakukumbuka, kaka, kuliko ninavyoweza kusema.

Pumzika. Rehema bado hajapanda zamu. Nampigia sasa hivi, kabla sijapata neno lingine la kumdanganyia.

Mdogo wako,
Aneth