Nambari Uliyoiachia Sita

Kwako mume wangu, Mwalimu, uliyenitangulia,

Mimi mzima, na nyumba nzima. Eda yangu imebaki siku tisa. Hapo pwani Wajerumani wamepandisha bendera yao, lakini hayo utasimuliwa na wengine. Mimi sitoki ndani, na nilicho nacho cha kukuambia ni ile nambari yako.

Unaikumbuka? Laki moja, arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba. Uliwaandikia wanafunzi wa chuo ubaoni, 142857, ukawaambia waizidishe kwa mbili. Wakapata 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu zilezile sita, zimefuatana vilevile, ila kila mara inatangulia nyingine. Ukaenda hadi sita, ukaweka kalamu chini, ukasema kwa maringo yako: "Hawa ni watu sita wa nyumba moja. Wazidishe utakavyo, hawaachani."

Nami nilikuwa uani, ungo wa unga wa mtama mapajani. Nikazidisha kwa saba, kwa kidole, juu ya unga. Tisa, tisa, tisa, mpaka mwisho. Mdomo wangu unaujua. Nikapaza sauti palepale: "Mwalimu, kwa saba wameachana! Zimekuwa tisa tupu!" Wanafunzi wakaangua kicheko. Wewe ukautazama ubao, ukahesabu kimyakimya, ukasema, "Kweli, mke wangu," kisha ukauosha.

Hukunikasirikia. Jioni ulikula vizuri, ukanitania kwamba unga wangu una elimu kuliko ubao wako. Lakini nambari ile hukuifundisha tena maisha yako yote, nami nikajua nimekunyang'anya kitu ulichokipenda. Niliona haya kukuomba radhi kwa jambo la hesabu. Tukazeeka hivyo, kwa raha zetu, na lile likabaki moyoni mwangu.

Mwanamke wa eda hana pa kwenda, basi jana asubuhi nikautandaza unga tena. Mbona sikuwahi kujaribu nane? Nikapata 1142856. Tarakimu saba! Nikacheka, nikadhani sasa nyumba imebomoka kabisa. Halafu nikaiona ile moja ya mbele, iliyozidi. Nikaitoa, nikaijumlisha na sita ya mwisho, ikawa saba. Ikasomeka 142857, watu wote sita, kila mmoja mahali pake. Kwa tisa nikafanya vilevile, ikatoka 285714. Kwa kumi, 428571.

Nililia kidogo, Mwalimu, kisha nikafurahi hata uji ukaungua. Wewe uliishia sita, mimi nikaishia saba nikajiona nimekushinda. Kumbe ulisema kweli: hata wakipotea kwa saba, kwa nane hurudiana, hawaachani. Laiti siku ile ningalizidisha mara moja zaidi, ningalikwambia hivyo mbele ya wanafunzi wako wote, kwa sauti ileile.

Pumzika kwa amani, na uniwie radhi.

Mkeo,
Mama Zuhura