Machela ya Tatu

Mama Wanjiru, mke wangu,

Niko na miaka sabini na kitu. Hicho kitu sikijui, kwa sababu siku niliyozaliwa hakukuwa na mtu wa kuandika. Lakini rika langu lilijulikana, na rika langu lote limeisha. Nimewazika wapagazi wote niliopanda nao mlima kutoka Naro Moru. Nimewazika machifu wawili walionichukia. Daktari wa Nyeri aliyesema moyo wangu umechoka, yeye mwenyewe alitangulia. Meno tu ndiyo yalinishinda. Na sasa nimekupita hata wewe, jambo ambalo hatukupanga.

Nakuandikia kwa mkono wangu. Wanjiru alitaka kuniandikia, nikamwambia aende akakamue ng'ombe. Herufi zangu ni kubwa, lakini zinasimama.

Nataka tukumbushane ile safari, kwa sababu naenda tena.

Bendera yetu ilikuwa bado mpya. Tulikuwa jikoni, pale nyumbani Mweiga, unamenya viazi, nami najisifu. Nilikuwa nakuambia juu ya mzungu niliyembebea mizigo mlimani, ambaye hakulala ndani ya hema. Alikuwa na kitambaa cha kuning'iniza baina ya miti miwili, kama ile machela ya kubebea mgonjwa.

Ukaacha kisu. "Baba Wanjiru, alilala hewani kama popo?"

"Alilala. Na asubuhi mgongo wake ulikuwa mkavu. Mimi ndiye nilimfungia kamba."

"Kwa hivyo unajua kufunga."

"Kuna kamba gani sijui?"

"Basi nifungie na mimi. Nataka kulala usiku mmoja pale kwa kisiki."

Sikuuliza kisiki gani. Ndugu yako Ndiritu alipoingia msituni wakati wa vita vya uhuru, wewe ndiye ulikuwa unampelekea chakula. Uliacha kiondo juu ya kile kisiki cha mti wa podo katika msitu wa Nyandarua, ukapiga mluzi wa ndege mara moja, ukageuka na kwenda bila kuangalia nyuma. Ukirudi, unakuta kiondo kitupu, mkanda wake umefungwa fundo moja na ncha imerudishwa ndani ya fundo kama ulimi. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kwamba yuko hai. Halafu siku moja kiondo hakikuwepo, wala kitupu wala chenye chakula. Vita vikaisha, wenzake wakatoka na nywele ndefu, yeye hakutoka. Kaburi hakuna, mfupa hakuna. Na kila jioni ukapakua sahani yake, ukaifunika, na asubuhi ukampa mbwa. Miaka yote hiyo, mama. Mimi nilikuwa nakula nikiitazama ile sahani, nisijue kama nimuombee ama nimngoje.

Basi tukapanga. Nani katika Mweiga yote alijua kupanga safari kama mimi? Nilikuambia maji tutabeba, kwa sababu mtoni ndiko nyati hunywa. Nilikuambia hatutatundika karibu na njia ya ndovu, na kwamba baridi ya kule haitoki juu, inatoka chini, inakuingia mgongoni. Wewe ukashona magunia ya pareto mawili mawili, na katikati ukajaza nyasi kavu na sufu ya kondoo. Hilo hata mzungu wangu hakuwa nalo.

Kamba za katani alitupa dada yako Wangui. Ya kwanza tuliijaribu zizini na ikakatika. Nasema tena, sikuanguka mimi, ilianguka kamba. Lakini Wangui alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, pole! Ng'ombe hawatasema, lakini mimi nitasema!"

Siku ya kufunga mzigo nikakuta machela ni tatu.

"Mama Wanjiru, sisi tuko wawili."

"Najua kuhesabu."

"Sasa hii ingine ni ya nani?"

Ukakata uzi kwa meno, ukaikunja pamoja na zingine.

Kwa geti la msitu tulimkuta Kariuki, yule askari mrefu. "Kulala? Huko hakuna banda, hakuna bomba, hakuna hata choo. Kwani nyumbani hakuna kitanda?"

"Kiko," nikamwambia, "lakini hakina upepo."

Alicheka, akafungua. Halafu akasema bila kucheka, "Mkisikia mtu amewaita kwa jina, msiitike." Kama kwamba mimi nilizaliwa jana.

Kisiki tulikikuta, kimeota kuvu. Nikachagua miti kwa macho yangu, nikapima kwa mikono yangu. Yako, yangu, halafu miwili ya mwisho. Nilipozungusha kamba kwenye mti wa kwanza wa hiyo miwili, ikazama. Magome yalikuwa na mfereji wa kamba, wa zamani, umezunguka shina lote usawa wa kifua. Nikaenda kwa mti wa pili. Mfereji, usawa ule ule. Mtu alikuwa ametundika pale kabla yangu, mara nyingi.

Sikukuambia. Ulikuja mwenyewe, ukapitisha kidole ndani ya ule mfereji polepole. Ukaning'iniza kiondo pembeni mwa machela ya tatu, viazi vitamu vikiwa vimefunikwa kitambaa. Ukapiga mluzi mara moja. Ukageuka.

Hakuna kilichojibu. Giza likaingia, na perere, wale wanyama wadogo wa mitini, wakaanza ile sauti yao ya mtu anayekabwa koo. Mimi nimelala na sauti hiyo maisha yangu yote, hainipi shida. Kilichonipa shida ni walivyonyamaza. Wote pamoja, kama wamezibwa mdomo na mkono mmoja. Halafu nikasikia kamba ya machela ya tatu ikilia. Kwanza kidogo, kama mtu anaijaribu. Halafu ikalia kwa uzito, ikabembea, ikatulia.

Nilifunga macho kwa sababu ya baridi. Lakini masikio hayafungwi, na nilikusikia ukisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mgeni aliyechelewa, "Viazi viko chini ya kitambaa."

Asubuhi umande ulikuwa kila mahali. Machela ya tatu ilikuwa imelowa kwenye kingo zote, lakini katikati ilikuwa kavu. Kiondo kilikuwa kitupu, mkanda umefungwa fundo moja, ncha imerudishwa ndani.

"Ni nyani," nikasema.

Ukaangalia chini. Hakukuwa na ganda hata moja. Watu wa msitu walikuwa wanafukia maganda ili askari wasione njia yao. "Nyani wako anafukia maganda, Baba Wanjiru?"

"Nyani wa Nyandarua ni wajanja."

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye majani. Sikuwa nimekusikia ukicheka hivyo tangu tuoane. Ulicheka mpaka getini, na Kariuki akatoka kuangalia kuna nini. Jioni ile ulipakua sahani zetu, ukarudisha kifuniko kwa sufuria. Sahani ya Ndiritu haikuwekwa tena mezani.

Mama Wanjiru, wewe tulikuzika vizuri. Kuna saruji, kuna msalaba, kuna jina lako. Nakaa pale na kiti changu nikikusemesha, na sisikii kitu isipokuwa kuku. Jumapili Wanjiru alinikuta jikoni nimepakua sahani ya pili na kuifunika. Alilia, nikamwambia ni ya mbwa. Lakini mbwa tulimzika kabla yako.

Kwa hivyo nimeshona magunia. Mshono ni mbaya, lakini ni imara. Wanjiru ameficha kamba, Wangui amenipa ingine, na safari hii hakucheka. Kariuki ameacha kazi, anafuga nyuki, akaniambia, "Mzee, utafia huko." Nikamjibu kwamba nikifa nitakuwa tayari ndani ya machela, kazi yao itakuwa kubeba tu.

Nitatundika mbili. Yako nitaifunga kwenye ile mifereji. Nitaweka kiondo, na chai ya maziwa kwa chupa, kwa sababu viazi vikavu hukuvipenda. Ukija usiniamshe. Nitakuwa nimefunga macho, kwa sababu ya baridi. Funga mkanda tu kama ndugu yako, na mimi nitarudi nyumbani nipakue sahani moja.

Lala salama, mpaka nipige mluzi.

Na anayesema kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa amuulize Wangui, aliyetoa kamba mara zote mbili. Amuulize Kariuki, aliyetuona tukitoka msituni wewe ukicheka. Akitaka shahidi wa tatu, aende mwenyewe pale kwa kisiki cha podo, apige mluzi mara moja, na asigeuke.

Mume wako,
Baba Wanjiru